Ubani wa Ami Hashil

Usi alisikia jina la mdogo wake likipigiwa kelele nyuma ya kona. Akaiacha kahawa yake barazani, akapandisha shuka, akatoka mbio. Alipotokeza mbele ya ghala la Ami Hashil, pale Malindi ya Unguja, alilikuta kundi zima la hamali wake limesimama nje. Mbele yao alikuwa Abrahman, kajitanda mlangoni, mikono kaishika miimo huku na huku kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie shambani.

"Silima yuko wapi?"

"Yumo ndani," alijibu Mkubwa, aliyekuwa wa kwanza kufika baada ya Silima. "Kaanguka. Na huyu bwana hatupishi."

Usi hakungoja la pili. Kwao hamali, mtu akiangushwa na gunia, aliye karibu hulitupa lake akaenda kumwinua. Haulizi wala haagizwi. Aliyepata kumwacha mwenzake chini ya mzigo hakupata tena mtu wa kumtwika, na hamali asiye na wa kumtwika hana kazi mjini. Silima alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, kamleta mwenyewe kutoka Makunduchi. Usi akainamisha kichwa akaenda moja kwa moja mlangoni.

Abrahman alimsukuma kifuani kwa mikono miwili. Usi akakaa kitako vumbini, mbele ya watu wake wote.

"Wanisukuma mimi? Ndugu yangu yumo mle!"

"Mle yumo mmoja," alisema Abrahman. "Ukiingia watakuwa wawili, na kinyago cha gesi ninacho kimoja tu."

Abrahman alikuwa mtu wa usalama wa kampuni iliyokuwa ikipiga gesi maghalani. Wiki ile mbata za nazi za Ami Hashil zilikutwa na vidudu na mnunuzi akazikataa, ndipo kampuni ikaitwa. Wenzake walikuwa wakifungulia mitungi ya gesi wakaenda zao. Kazi yake yeye ilikuwa kuhakikisha hakuna kiumbe anayeingia mpaka gesi itoke yote. Alikuwa kaziba kila dirisha na kila ufa kwa karatasi na gundi, mlango nao vilevile, akabandika na tangazo lenye picha ya fuvu. Hamali walimpa jina la Bwana Marufuku, kwa kuwa kila walipomsikia akisema na wenye mali, alikuwa akikataza.

"Ghala lishafunguliwa!" Usi alisimama akijipangusa. "Lishafukizwa! Huna pua wewe? Husikii ubani?"

Na kweli, ubani ulikuwapo. Chetezo kilikaa pembeni mwa kizingiti, moshi wake mweupe unajipindapinda kuingia ndani. Nani katika mji ule angeona mlango wazi na ubani unafuka, asijue kwamba mwenyewe ameshaisafisha nyumba yake na anakaribisha watu? Hata Usi, kwa hasira zake zote, aliona hapo hapana swali. Silima naye hakuona swali. Alikuwa kashuka vidaraja kwenda kulivuta gunia la kwanza.

Abrahman aliwasha taa yake ndogo ya kupimia gesi, akaishusha taratibu kwa mnyororo mpaka chini ya kizingiti. Mwali uliokuwa wa buluu ukageuka kijani, kijani kibichi kama jani la mgomba.

"Ubani uko juu," alisema. "Gesi ni nzito, haina harufu, na imelala chini. Sakafu ya mle iko chini ya njia. Ni kama kisima, na nduguyo amelala ndani yake." Huku anasema anajifunga kamba kiunoni. Ncha ya pili akamtia Usi mkononi. "Shika wewe. Nikitikisa, vuta. Kamba ikilegea kwa muda, vuta. Lakini mguu wako usivuke kizingiti."

"Na ukianguka wewe?"

"Utanivuta. Nikitoka maiti, funga mlango, mwite mwengine mwenye kinyago."

Akajivika kile kinyago cha mpira chenye macho ya kioo na mkonga, akashuka.

Usi aliishika kamba. Hajapata kushika kitu kizito kama kile, yeye aliyekuwa akibeba gunia la karafuu akiimba. Kamba ikaenda, ikasita, ikaenda tena. Kila kiungo mwilini kilimwambia aitupe aingie, na kila kilipomwambia, alimtukana Abrahman kimoyomoyo na kuzidi kuishika. Nyuma yake Mkubwa akasema, "Wallahi huyu akimwacha Silima mle, hatorudi kwao na meno." Hakuna aliyecheka.

Kamba ikatikiswa. Usi akavuta, wenzake wakamrukia mgongoni wakavuta naye, na Abrahman akatokea kinyumenyume, kamkumbatia Silima kwapani, visigino vya Silima vinaburura.

Walimlaza upande upepo unakotoka. Alikuwa wa rangi ya jivu. Akakoroma, akatapika, akafungua macho.

"Nani kanipiga?" aliuliza.

"Alhamdulillahi!" Kelele zikapanda, watu wakakumbatiana. Usi alipiga magoti akakishika kichwa cha mdogo wake kwa mikono miwili.

Abrahman hakusherehekea. Alitoa kisu, akalichana shati la Silima kutoka shingoni mpaka chini, akalitupa mbali, kisha akaushika msokoto wa shuka.

"Unafanya nini wewe?"

"Namvua. Yote, na viatu. Nguo zimenywa gesi, na bado anaivuta."

Usi alitazama huku na huku. Njia ilikuwa imejaa watu. Bi Mwanakheri alikuwapo na sinia lake la vitumbua, wanawake wawili wa buibui walisimama pembeni, watoto wa chuo cha Kurani walichungulia. Mtu mzima, ana mke, avuliwe shuka kweupe mbele ya halaiki kama maiti asiye na wenyewe! Kwanza nimesukumwa, akawaza, sasa tunavuliwa nguo. Akamzaba Abrahman kofi, na kofi la hamali si la kubembeleza. Mdomo wa Abrahman ukapasuka.

Abrahman alijifuta damu kwa mgongo wa mkono. "Nipige la pili baadaye," alisema. "Shuka litoke."

Hapo ndipo Ami Hashil alipofika, mzee wa kanzu nyeupe, bilauri ya maziwa mkononi. Alikuwa muungwana sana Ami Hashil. Hamali hawakupata kumsikia akipaza sauti.

"Jamani, jamani. Msimwaibishe mtoto wa watu. Usi mwanangu, pole. Mpe maziwa nduguyo, akalale kwake. Si mzima huyu? Macho yake hayo."

"Nnaweza kutembea," Silima alisema, akijaribu kukaa. "Nnataka kwenda nyumbani tu."

Moyo wa Usi ulimwelekea mzee. Huyu ndiye mtu, alijiambia. Huyu anajua heshima ni kitu gani. Akaipokea bilauri.

"Na wewe bwana," Ami Hashil alimgeukia Abrahman kwa upole uleule, "hofu zako zimezidi. Mie mwenyewe nimeyabandua yale makaratasi alfajiri, kabla wewe hujafika, nikaufungua mlango, nikatia na ubani mzuri wa Somali. Hewa safi kabisa. Meli inangoja, na wewe ulitaka tukae mpaka jioni."

Alisema vile bila kuficha, kama mtu anayesimulia wema aliowatendea watu.

Usi aliitazama bilauri. Akakitazama chetezo. Akalitazama ghala, mlango wazi, weusi ndani. Damu ikampanda kichwani mpaka masikio yakavuma. Aliiweka bilauri chini, polepole, kwa kuwa alijua akiishika zaidi ataivunja usoni mwa mzee. Kisha akapiga kelele ambayo watu wa forodhani waliisikia:

"Geukeni!"

Hamali waligeuka, wakampa Silima mgongo, wakasimama bega kwa bega kama ukuta. Ndani ya ukuta ule Usi aliufungua msokoto wa shuka la mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe, akamvua, akamvua na makubadhi. Silima alilia kwa haya. "Kaka, usinifanye hivi." Kutoka nje ya ukuta kanga ilirushwa juu ya vichwa. Bi Mwanakheri aliitupa akiwa ameangalia pengine. Usi akamfunika, wakampakia kwenye gari la hamali, na watu wanane wakalikimbiza hospitali, magurudumu yanagonga mawe ya njia zile nyembamba, Mkubwa yuko mbele akitukana kila asiyepisha.

Mchana Silima alianza kutetemeka. Baadaye yakaja mashituko yaliyomnyanyua mgongo kitandani, ikabidi ashikwe mikono na miguu. Daktari alisema gesi ile hujificha saa nyingi ndipo ikapiga, na kwamba angekwenda nyumbani akalala na nguo zile mwilini, wangekwenda kumwosha na kumzika. Alasiri mashituko yakapungua. Alikunywa maji. Alimjua kaka yake.

Ami Hashil alikuja kumtazama mgonjwa, na mtumishi nyuma yake kabeba kapu la chakula. Usi alimzuia ukumbini.

"Anaendeleaje?"

"Yu hai."

"Alhamdulillahi. Ndivyo alivyopanga Mwenyezi Mungu, mwanangu. Sisi waja hatuna—"

"Mungu hakubandua karatasi, Ami Hashil."

Mzee alirudi nyuma hatua moja. Hajapata kukatwa neno na hamali.

"Sikukusudia, Usi. Wallahi sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Ungekusudia ningejua la kukufanya." Sauti ya Usi ilikuwa ndogo, na mikono kaifunga nyuma. "Uliambiwa. Ukaona mtu wa kukwambia subiri si mtu. Rudi na kapu lako. Chakula chake tutapika wenyewe."

Abrahman alikuwa amekaa kwenye ubao nje ya wodi, mdomo umevimba. Usi hakumwomba radhi. Alisimama mbele yake.

"Na wewe nina neno nawe. Ile karatasi yako ya fuvu iliandikwa nini?"

"Hatari. Msiingie."

"Kwa lugha gani?"

"Kizungu."

"Nani hamali wangu anasoma Kizungu? Fuvu tumeliona, tukadhani ni hirizi ya kufukuza wezi. Siku ile ya kupiga gesi ulizungumza na Ami Hashil mpaka mate yakakukauka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia, karibu kama hapa na hapo. Hukunambia neno. Hata ondoka hukunambia."

"Niliagizwa nizungumze na mwenye mali."

"Na mwenye roho?"

Abrahman aliinama akaiangalia sakafu.

"Kweli," Abrahman alisema.

"Kweli haitoshi. Njoo kesho asubuhi, kabla ya kazi. Watakutukana."

"Waache."

Asubuhi yake hamali walikaa juu ya magari yao nje ya geti la bandari. Hakuna aliyekuwa amegusa gunia la Ami Hashil, na Usi alikuwa ameapa halitaguswa mpaka wauone wenyewe mwali wa taa ukiwa buluu hadi sakafuni. Habari ya hospitali walikuwa nayo: Silima atapona, lakini mkono wa kulia hautulii, na daktari hakutaka kusema kama utabeba tena.

Abrahman alitoa salamu. Waliitika wachache, kwa nusu mdomo.

"Bwana Marufuku," alisema Mkubwa. "Leo umetuletea haramu gani?"

Abrahman aliweka kinyago na taa chini mbele yao, akakohoa. "Gesi hii ina jina lake. Kampuni inayoitengeneza—"

"Hatukukuitia kampuni!" Usi alimkatiza. "Anza na ubani. Waambie kwa nini ubani ulimdanganya ndugu yangu. Tena paza sauti, wa nyuma hawakusikii."

Abrahman alimtazama, akalamba mdomo wake uliopasuka, akaanza upya kwa sauti kubwa.