Iodini Inayonukia Tangawizi

Wanafunzi walimwita Mama Pilipili, naye alijua, na hakujali. Hasira zake zilikaa puani, lakini hakuna aliyemfikia kwa kufundisha sayansi kwa vitendo. Darasani kwake mapafu yalikuwa chupa ya plastiki na maputo mawili, na sumaku aliing'oa kwenye spika iliyokufa. "Usiniambie kitabu kimesema nini," aliwaambia kila siku. "Niambie wewe umeona nini."

Basi asubuhi hiyo alisimama mlangoni mwa stoo ya shule, karatasi ya jaribio mkononi, damu ikimchemka.

Karatasi ilikuwa ya binti wa fundi baiskeli, yule mpole wa dawati la nyuma. Jana yake darasa zima, watoto arobaini na wawili, walidondoshea iodini juu ya vipande vya kiazi. Kiazi kina wanga, na iodini ikigusa wanga hugeuka bluu nyeusi. Hilo limo vitabuni tangu enzi na enzi. Watoto arobaini na mmoja waliandika hivyo hivyo. Binti huyu aliandika: "Rangi haikubadilika. Dawa inanukia tangawizi."

Mama Pilipili alisahihisha jioni, amechoka, akampiga sifuri. Asubuhi akayasoma majibu ya binti mbele ya wenzake, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Binti hakulia. Alisema tu, "Mwalimu, naomba ukanuse."

Akaenda kunusa.

"Hii ni nini?" alimuuliza mtunza stoo, chupa ikiwa chini ya pua ya mzee wa watu.

"Iodini, dada."

"Nimekuuliza hii ni nini!"

Mzee akaangalia viatu vyake. "Dada yangu, iodini iliisha mwaka juzi. Wiki hii mkuu akasema mkaguzi anakuja, chupa zisionekane tupu. Nikaiosha vizuri kabisa, nikatia chai ya rangi, ya tangawizi. Sasa mimi ningejuaje kama mtaitumia?"

Miaka miwili Mama Pilipili alikuwa akiiomba chupa ile, anajibiwa kwamba imetunzwa kwa ajili ya mtihani. Na iodini inauzwa duka la dawa ng'ambo ya barabara, watu wanapaka vidonda!

"Jana si wewe uliyesimamia darasa nilipoitwa kupanga viti vya mgeni? Uliwaona watoto wanadondoshea viazi chai, ukanyamaza?"

"Niliona wote wanaandika bluu," mzee alisema. "Nikadhani labda imekubali."

Angecheka kama asingekuwa na hasira. Lakini hasira zilimjaa, na kubwa kuliko zote ilikuwa juu yake mwenyewe. Mtoto mmoja tu alifanya alichokuwa akikihubiri, naye akamfanya kichekesho. Tena saa sita orodha ya mkondo wa sayansi ingebandikwa. Aliyeanguka jaribio lile jina lake halimo, na ukishatoka mkondo huo hurudi tena.

Mkuu wa shule alimwahi mlangoni pa ofisi, akashusha sauti. "Mwalimu, nishaambiwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Mkaguzi yumo ndani. Arobaini na mmoja wamefaulu, unataka tuaibike kwa sababu ya mmoja?"

"Huyo mmoja ndiye aliyefaulu!"

"Chupa imeandikwa iodini. Mimi najua ni iodini. Basi."

"Sawa," alisema Mama Pilipili. "Kama ni iodini, ni iodini."

Akampita begani, akaingia. Mkaguzi, baba mnene mwenye miwani, alikuwa anapekua mafaili. Mama Pilipili akachukua bilauri ya maji iliyokuwa mezani, akamwaga maji kwenye chungu cha maua, akamimina humo dawa ya ile chupa mpaka juu.

"Shikamoo mheshimiwa. Hii ni iodini ya maabara yetu," alisema, akaiinua mdomoni.

Mkaguzi aliruka, kiti kikaanguka nyuma yake, akamdaka mkono. "Mama! Una wazimu? Hiyo ni sumu!"

"Tulia mheshimiwa, tulia," mkuu alisema mbio mbio, jasho likimtoka. "Mwache anywe, ni chai tu hiyo."

Mdomo uliponza kichwa. Mkaguzi akauachia mkono wa mwalimu taratibu, akamgeukia mkuu. Mama Pilipili akainywa yote, akairudisha bilauri mezani kwa kishindo.

"Haina hata sukari," alisema. Kisha akaiweka karatasi ya binti mbele ya mkaguzi, na kando yake orodha iliyokuwa mezani ikingoja kubandikwa.

Saa sita orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na jina la arobaini na mbili lilikuwa limeongezwa chini kwa mwandiko wa mkaguzi. Mama Pilipili alimwita binti mwenyewe, akamwonyesha kwa kidole.

"Mwanangu, nilikukosea. Nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nitakuomba radhi. Umefaulu."

Binti akaisoma orodha kuanzia juu, jina moja moja, bila haraka.

"Na hawa wote, mwalimu? Walioandika bluu?"

"Nao wamo."

"Kwa hiyo tumepata sawa."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayeandika alichokiona, na Mama Pilipili akahisi uso unamwaka. Kweli walikuwa sawa. Mkaguzi ameona imetosha, mkuu ameshukuru Mungu, na yeye mwenyewe alikuja hapa akitarajia kushukuriwa. Ni nani aliyewapa watoto hawa alama, mwaka baada ya mwaka, kwa kuandika wasichokiona? Si mtunza stoo.

"Kesho nanunua dawa kwa mkono wangu," alisema. "Tunarudia jaribio. Wote, na wewe ukiwemo. Hakuna aliyefaulu bado. Unanielewa?"

"Naelewa, mwalimu."

Akaanza kuibandua orodha. Binti akakinga kiganja, akampokea pini moja baada ya nyingine.