Bwalo Lililosoma Midomo

Siku watu wa redio walipokuja kiwandani, Clarice Entwistle hakuigusa pai yake ya viazi. Kabla saa ya chakula haijaisha angepanda jukwaa la mbao mle bwaloni, aimbe wimbo mmoja wa kanisani, na nchi nzima imsikie. Lakini aliyekuwa akimwazia ni mtu mmoja tu, mumewe Enoch, aliyelala katika hospitali ya jeshi huko kusini akiwa na bandeji machoni. Tangu alipoambiwa kwamba hataona tena, Enoch hakumjibu mtu neno. Clarice alikwenda kumtazama, akamshika mkono na kuzungumza mpaka wageni wakatolewa, na mkono ule haukumfinya hata mara moja. Sasa muuguzi wa wodi alikuwa ameahidi kuisogeza redio karibu na kitanda.

"Leo asiponijibu," alimwambia Dorcas Pilling, mwenzake wa mashine ya jirani, "sijui tena nimfuate wapi."

"Wewe imba, mwenzangu. Hao watu wa London hawajui kutofautisha wimbo na paka aliyebanwa mlangoni."

Wanawake wa kiwanda kile walichonga vyuma vya makombora, lakini kabla ya vita karibu wote walikuwa wafumaji. Katika viwanda vya nguo mashine zilinguruma hata mtu akipiga kelele sikioni mwako usimsikie, basi walizungumza kwa midomo mitupu, bila sauti, wakasomana kutoka upande mmoja wa jengo hadi mwingine. Clarice aliianza kazi hiyo tangu utotoni. Mchana ule mtangazaji, Bwana Lisle, alipokuwa akiwaeleza namna ya kupiga makofi, aliwaona wametulia, akawasifu kwa upole wao. Hakujua kwamba tai yake ilikwisha kujadiliwa meza zote, na haikupata mtetezi.

Taa nyekundu ikawaka, ishara kwamba sasa wako hewani. Bwana Lisle akatangaza kwamba wako mahali fulani kaskazini, maana jina la mji lilikuwa siri ya vita. Clarice akautazama waya uliotoka kwenye kipaza sauti. Haukuzidi unene wa uzi wa kufumia soksi, na bado ungeibeba pumzi yake juu ya vilima, na miji mingi, mpaka kwenye mto aliolalia Enoch. Piano ikaanza, naye akafungua kinywa akaimba.

Aliimba mstari wa kwanza wote. Aliyahisi maneno yakitoka, akaona vichwa mezani vikiyafuata na macho yakianza kulowa. Kwa nini basi Bwana Lisle amekuwa mweupe kama unga? Kwa nini anakigonga kipaza sauti kwa kidole, na mpiga piano anarudia mwanzo?

Dorcas akapanda juu ya benchi. Midomo yake ikasema, polepole, bila sauti: "Clarice. Enoch hakuoni."

Hapo ndipo alipotambua. Hofu ilikuwa imemrudisha kwenye mashine za kufuma, akaimba kwa midomo mitupu. Bwalo zima lilikuwa limemsoma, na mtu mmoja aliyemwimbia hakupata hata herufi.

Akajaribu kuiita sauti, isije. Ndipo meza za nyuma zikaanza. Hakuna aliyewaashiria. Waliyachukua maneno kutoka midomoni mwake, wakayatia sauti, kwanza chini chini, kisha meza baada ya meza, mamia ya wanawake wenye vitambaa vichwani na grisi kwenye kucha, mpaka vikombe vikatetemeka na vioo vya madirisha vikaitikia. Bwana Lisle akavua kofia yake, akaiinua juu, akasahau kuishusha. Clarice alisikia wimbo wake mwenyewe ukimjia mkubwa kuliko jengo lile, ukamwinua kama mtu anayeshikwa kwapani. Katika ubeti wa pili sauti yake ikatoka, nyembamba, juu ya zote, nao wakaishusha yao ili ipite.

Alasiri, mashine zikinguruma, mlinzi wa lango alimfikia akihema. Ilimbidi apige kelele.

"Muuguzi amepiga simu, mama. Mumeo amesema."

"Amesema nini?"

"Anasema umechelewa kuingia kwenye wimbo. Eti hata kanisani ndiyo tabia yako, na yeye amechoka kukuonea aibu."

Clarice alishika ukingo wa mashine. Alitaka kumwambia Dorcas, lakini kelele ilikuwa nyingi, basi akasema kwa midomo tu. Dorcas akasoma, akageuka, akamwambia aliyefuata. Neno likaenda hivyo, mdomo kwa mdomo, bila sauti hata moja, mpaka mwisho wa karakana, na kule mwisho Clarice akaona mikono ikiinuliwa.