Kikao Ndani ya Gari

Shangazi alitapika baada ya chai ya asubuhi, pembeni ya karo la kufulia, akasukutua mdomo na kusema watu wasianze kufikiri mengine, umri huo aliupita zamani. Kaka alikuwa na kichwa kinachomgonga tangu jana. Baba hakulalamika, lakini alikaa kizingitini amejishika paji la uso kwa mikono yote miwili, na baba hakuwa mtu wa kujishika. Wote watatu walikuwa kwenye kikao cha familia jana yake. Fundi, binti kitinda mimba wa nyumba hiyo, hakuwa kwenye kikao, na alikuwa buheri wa afya.

Alikwenda uani kulinusa gari. Aliingiza kichwa dirishani, akavuta pumzi mara moja, akakitoa.

"Moshi unaingia ndani," alimwambia baba. "Bomba lina ufa. Msikae humo tena mpaka nilitengeneze, mtakufa mmekaa."

Baba aliuliza kama kazi itachukua muda mrefu, kwa sababu kuna jambo walikuwa hawajalimaliza.

Familia hiyo ilizungumza mambo yake yote ndani ya gari. Nyumba yao iligawana ukuta na jirani, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba wakikaanga vitunguu huku, jirani alipiga chafya kule. Zamani hawakuweza kunong'ona neno usiku bila kuulizwa asubuhi limeishia wapi. Baba aliponunua gari, wiki ya kwanza tu aligundua kwamba vioo vikifungwa na injini ikiachwa iungurume, hakuna neno linalotoka. Tangu hapo posa, misiba, mgawo wa shamba, hata swali la nani amemaliza sukari, vyote vilipelekwa garini. Safari zikapungua zenyewe. Kisha kaka alijenga chumba chake uani, ukuta ukala nafasi ya lango, gari likawa haliwezi kupita. Hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo.

Baba alikaa kwenye usukani, shangazi kando yake, kaka nyuma. Siti ya nne ilikuwa ya mama, na alipofariki ikawa ya mkoba wa shangazi. Fundi hakuwahi kuwa na siti. Tangu utoto kazi yake ilikuwa kusimama nje, mbele ya boneti, kusikiliza injini isije ikachemka. Alisikiliza miaka nenda miaka rudi hata akaijua injini kuliko alivyowajua waliokaa ndani, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika, kila mtu akamwita Fundi. Vioo viliposhushwa, shangazi alimweleza lililoamuliwa juu yake. Akiuliza kwa nini hakuulizwa, alijibiwa kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Naye alikuwapo, hatua mbili kutoka kwenye taa za mbele.

Mwaka huo Fundi alikuwa na jambo moja tu moyoni. Mwenye gereji mmoja wa mji wa mbali alipita mtaani lori lake likikohoa. Fundi alisimama kando ya lori, akasikiliza, akamwonyesha pa kufungua. Yule bwana alimtaka kazini papo hapo, kwa mshahara na chumba nyuma ya gereji, chumba chenye mlango na ufunguo wake. Alisema safari ijayo atapita kuchukua jibu. Fundi alikuwa na jibu kabla lori halijawashwa, ila aliona haya kuonekana ana pupa. Usiku ule alipanga nguo kwenye begi. Siku mwenye gereji alipopita, Fundi alikuwa ametumwa sokoni, na aliporudi aliambiwa kwamba bwana yule amebadili mawazo, ndivyo walivyo watu wa safari. Nguo zilirudi kabatini moja moja, kila alipohitaji ya kuvaa. Tangu hapo alikuwa akijipima na kujiona hatoshi, na hakumwambia mtu.

Basi asubuhi hiyo aliweka mawe kwenye magurudumu, akaliinua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya stendi za chuma, akalisukuma kwa bega kuhakikisha limetulia. Akakoroga sabuni ya unga na maji kwenye chupa aliyoitoboa kizibo. Ufa wa bomba la moshi hujificha machoni, ila ukiziba mdomo wa bomba kule nyuma, moshi hutafuta pengine pa kutokea, na ukinyunyizia maji ya sabuni, penye ufa huvimba viputo. Alimpa kaka kitambaa kilicholowa akibane kwenye mdomo wa bomba, akamwelekeza asimame upande unakotoka upepo. Baba aliwasha injini, akashuka, akasimama na shangazi. Bomba lilikuwa bado la baridi. Fundi akaingia chini ya gari kwa mgongo.

Kiungo cha kwanza, karibu na injini, kilikuwa na alama nyeusi ya masizi. Akanyunyizia. Kiputo kikavimba, kikafika ukubwa wa limau, kikapasuka, na ndani yake ikatoka sauti ya shangazi ikisema kwamba bei ya mafuta ya kula siku hizi ni wizi wa mchana.

"Hilo la jana," shangazi alisema kutoka juu.

"Gasketi ya kuziba kiungo imekwisha," Fundi alisema, akasogea.

Maneno nayo ni pumzi, na pumzi ikifungiwa hutafuta njia. Miaka yote hiyo walifunga vioo wakidhani wameyamaliza, kumbe yalishuka bombani pamoja na moshi, yakanasa kwenye masizi, mapya huku mbele na ya zamani kule nyuma. Kaka alisema kitambaa kinaanza kupata moto, basi wafanye haraka.

Katikati ya bomba palikuwa na ufa mwembamba, usingeweza kuingiza ukucha. Fundi akanyunyizia. Kiputo cha kwanza kilikuwa cha kaka.

"Yule wa gereji kaja kuchukua jibu. Nimwambieje?"

Kikafuata cha baba. "Mwambie amekataa. Ila kwa adabu, mtu mzima yule."

Kisha cha shangazi. "Na yeye mwambieni bwana kabadili mawazo. Atanuna kidogo, itapita."

Kule nyuma kitambaa kililegea, halafu kikabanwa tena. Fundi hakusogea. Chuma kilikuwa karibu na uso wake kiasi kwamba akivuta pumzi ndefu, kifua kiligusa bomba, kwa hiyo alivuta fupi fupi. Hasira ilimpanda. Chini ya hasira palikuwa na kitu kingine kidogo, ambacho kwa mtu mwingine na mahali pengine kingeitwa furaha: kumbe alitakiwa.

"Baba," alisema kutoka kule chini. "Mimi nilikataa lini?"

Aliziona ndala za baba zikigeuka kulielekea gari.

"Ungekataa," alisema. "Ungekaa chini, ukajiuliza nani atatutengenezea gari, ukakataa mwenyewe. Sisi tulikupunguzia kazi ya kufikiri."

"Gari lenyewe linakwenda wapi?"

"Usibadilishe mada," shangazi alisema.

Kaka aliomba ruhusa ya kubadili mkono.

Fundi alijivuta mpaka kwenye sailensa, mahali moshi unapopunguza mwendo na masizi ya zamani kulala. Kutu ilikuwa imekula pembeni. Kiputo cha hapo kilichelewa kuvimba, na kilipopasuka ilitoka sauti ya mama, changa kuliko alivyoikumbuka.

"Mwulizeni mwenyewe. Si yule pale, anatuangalia?"

Alingoja jibu, lakini hakuna kiputo kilichofuata. Akanyunyizia tena, na tena, mpaka chupa ikawa nusu, akaambulia povu tupu. Alimkumbuka mama akishuka garini baada ya vikao, akimpita bila kumtazama usoni. Fundi alikuwa amekua akiamini kwamba mama naye alikuwa upande wao. Sasa alilia, machozi yakamwingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali.

Juu, shangazi alisema kwamba marehemu alikuwa mtu mzuri lakini mbishi. Fundi akaomba injini izimwe.

Angeweza kuuacha ule ufa wa katikati. Alilifikiria hilo wakati bomba likipoa. Angeziba kwingine kote, awaambie kazi imekwisha, na kila wakipanga kitu juu yake angekisikia siku hiyo hiyo kwa chupa ya maji ya sabuni. Lakini moshi ule haukuwa na utani. Ungewalaza usingizi mmoja baada ya mwingine, vioo vikiwa vimefungwa, na yeye amesimama mbele ya boneti anasikiliza injini. Aliwachukia asubuhi hiyo, na hakuweza kuwaua. Akachukua brashi ya waya.

Alisugua kutu mpaka chuma kikang'aa. Akapaka gundi nzito ya kuziba bomba, ile inayostahimili moto, akaishindilia kwa kidole gumba, akakata bati la kopo, akalizungusha juu yake na kulikaza kwa klipu huku na huku. Alibadilisha gasketi ya mbele. Kwenye sailensa alisita, kisha akapaka hapo pia, tabaka mbili, maana kutu ilikuwa imekwenda mbali. Gundi iliachwa ikauke. Alipowasha injini na kunyunyizia upya, hapakutokea kiputo hata kimoja.

Walikuwa wamesimama wakimsubiri. Alifuta mikono.

"Nataka kwenda," alisema. "Kama yule kapata mwingine, gereji ziko nyingi. Naondoka kesho. Nawaambia kwa mdomo wangu, ili msiseme hamkusikia."

Kaka alitazama chini. Baba alisema hilo ni jambo zito, haliwezi kujibiwa uani, kuta zina masikio.

"Tutalizungumza," alisema.

Wakaingia garini. Fundi alifungua mlango wa nyuma, upande wa mkoba, akauliza kama anaweza kukaa.

"Na injini ataisikiliza nani?" baba aliuliza, wala si kwa ubaya. Kaka alinyoosha mkono akauvuta mlango taratibu, asije akambana vidole.

Lango lilikuwa wazi. Gari lisingepita, lakini mtu alipita bila hata kugeuka ubavu. Fundi alilitazama. Alijiambia kwamba atasikia kwanza wanasemaje, kisha ataondoka kwa amani, asiwe mtu wa kutoroka kwao. Wakati anajiambia hivyo, miguu ilikuwa imeshampeleka mbele ya boneti.

Vioo vikapanda. Nyuma ya kioo cha mbele aliona midomo ikifunguka na kufungika. Alitega sikio kama hajawahi kulitega, akapita sauti ya feni, akapita mkanda, akafuata bomba kipande kwa kipande mpaka mkiani. Kazi ilikuwa safi mno. Injini ilinguruma kwa upole na hapakuvuja hata herufi.

Baada ya muda vioo vikashuka. Shangazi alitoa mkono dirishani, akamshika Fundi begani.

"Tumeongea, mwanangu," alisema. "Umekataa kwenda."

Fundi aliuliza kama kuna anayeumwa kichwa. Walisema hapana, hewa ya ndani ni safi kabisa. Basi akamwambia baba azime injini, isichome mafuta bure.