Mwenyekiti Amekalia Nani?

Usiku wa jana niliota, na naomba nisikatizwe mpaka nimalize, maana hata mimi mwenyewe moyo haujatulia.

Kwanza mjue mambo yalivyokuwa kabla sijalala. Mimi ni Leokadia, katibu wa chama cha wachukuzi wa mboga, wengi wetu wanawake, tunaoshusha kabichi na njegere kichwani kutoka juu milimani Uluguru mpaka barabarani. Leo saa nne kuna mkutano ofisi ya kijiji, na ajenda ni shamba la mama yangu, Skolastika. Wanaolitaka ni Vuguvugu la Kurudi Asili. Mwenyekiti wao, Bwana Servasi Mbiki, anasema mila haimjui mwanamke mwenye shamba. Anasema lile shamba ni la babu yake, na ushahidi anao: daftari la kodi la zamani za Mwingereza, jina la babu limo. Asichokisema ni kwamba chini ya lile shamba kuna jiwe zuri, na watu wa kokoto wameshakuja mara mbili kulipima.

Wiki iliyopita baraza lilimuuliza mama, "Shamba ulipewa na nani?" Mama yangu, mtu asiyenyamaza hata padri akihubiri, aliinamisha kichwa akakaa kimya. Nilitamani ardhi inimeze. Tulipofika nyumbani nikamuuliza, akaniambia nimletee kuni.

Basi nikaandika kurasa mbili za kulichambua hilo vuguvugu kwa jicho la mrengo wa kushoto, kama tunavyofundishana kwenye darasa la chama kila Jumatano. Mstari wa kwanza unasema: mila ni mnyororo. Niliuona mtamu, nikausoma mara tatu. Nikalala.

Niko mlangoni pa ofisi ya Vuguvugu. Juu ya mlango kuna bango: MWACHA MILA NI MTUMWA. Mezani hakuna mtu, kuna muhuri wa mpira tu.

"Umefuata nini?" muhuri unaniuliza.

"Nimekuja kulichunguza vuguvugu."

"Kuna aliyewahi kulichunguza kabla yako?"

"Sidhani."

"Basi haiwezekani. Hapa hakuna jambo linalofanyika kwa mara ya kwanza. Kanuni namba moja hiyo."

"Na wewe ulianzaje kugonga karatasi?"

Muhuri ukafikiri mpaka wino ukautoka jasho. "Hilo," ukasema, "niliambiwa nisilifikirie saa za kazi."

Tukakubaliana niingie kinyumenyume, ili nionekane kama mtu anayetoka. Muhuri ukarukia mfukoni mwangu kuhakikisha.

Ndani kumejaa watu, na wengi nawajua. Kanuni namba mbili imeandikwa ukutani: KILA MTU MAHALI PA BABA YAKE. Pale kona namwona Gaspari, mchukuzi mwenzetu, kasimama na gunia zima la kabichi mgongoni. Wenzake wanapiga makofi, yeye anapiga miguu.

"Gaspari, si utue?"

"Siwezi, Leokadia. Baba hakutua."

"Sasa humu unapata nini, mwanaume wewe?"

Akanitazama kama mtu niliyemtukana. "Humu wananiita baba mwenye nyumba. Kule barabarani wananiita, we gunia, hebu njoo."

Kwenye zile kurasa zangu mbili Gaspari nilikuwa nimemwandika kwa neno moja, mjinga, na sasa neno lenyewe lilikuwa linanikuna mfukoni.

Ndipo nikamsikia Mwenyekiti, lakini simwoni. Sauti inatoka juu. Nainua macho: mabati yametolewa, na Bwana Servasi amekaa huko, kichwa chake kiko nje ya paa, tai inapepea.

"Desturi yetu," anasema, "haijabadilika tangu dunia iumbwe."

"Ndugu Mwenyekiti," nikapaza sauti, "umekalia nini?"

"Kiti cha baba yangu."

"Hicho si kiti. Huyo ni baba yako."

"Kiti cha baba ni baba. Sisi hatupindishi maneno."

Yesu na Maria! Kweli kampakata. Mzee Gaudensi Mbiki, aliyefariki mimi nikiwa darasa la tano, amevaa suti yake ya Kaunda, na mwanawe mwenye miaka hamsini na kitu kakaa mapajani mwake. Na Gaudensi naye kakaa mapajani mwa baba yake, mzee wa kaptura ya kaki, daftari kifuani. Mapaja juu ya mapaja, yanashuka mpaka kwenye giza ambako sakafu ingepaswa kuwepo.

"Mchunguzi ashuke," muhuri ukaamuru. "Jambo lisilo na chini sitaligongea."

Nashuka. Nakanyaga magoti ya Mwenyekiti, nashika mfuko wa suti ya Mzee Gaudensi. Ananigusa bega kwa kidole baridi.

"Binti wa Skolastika, huko juu bado anasema mimi sikubadilika?"

"Bado anasema, shikamoo."

"Marahaba. Mwambie anazidisha. Mimi niliimba Ujamaa mpaka koo likakauka. Shamba la pamoja pale bondeni nililipigia mstari mimi mwenyewe, kwa kamba."

"Kwa nini humwambii mwenyewe?"

"Kanikalia kifua. Sauti haipandi."

Nikashuka tena. Babu wa kaptura amelala fofofo, lakini daftari lake liko macho. Likajifunika ukurasa kama mwali aliyekutwa bafuni.

"Usinichungulie," likasema. "Najua unachotafuta. Mimi mila siijui. Huyu alikuwa karani wa kodi, aliniandika siku moja, mvua inanyesha, naye ana haraka ya kurudi nyumbani. Bwana mkubwa alitaka jina moja kila shamba, na liwe la mwanaume. Hapa alipofika akauliza, mwanaume wa shamba hili nani? Hakuna aliyejibu, wote walikuwa wanawake. Akajiandika yeye."

"Kwa hiyo mila yenyewe ina umri gani?"

Daftari likahesabu kimoyomoyo. "Alasiri moja."

Loo! Nikabaki nikining'inia kwenye soksi ya karani. Alasiri moja! Shamba linataka kuchukuliwa, mama yangu anainamishwa kichwa mbele za watu, kwa sababu mtu fulani hakutaka kulowa.

Nikaachia mkono, nikatua. Siko ofisini tena. Niko shambani kwetu, tuta la tatu, jua la asubuhi, jiwe la pembeni liko palepale. Na miguu ya karani haigusi chini. Karani amepakatwa na mwanamke.

Ni bibi mzee, kakaa kwenye udongo mtupu, anapukuchua maharage makavu kiganjani. Juu yake wanaume watatu na simu mbili zinazoita. Sura yake ni sura ya mama yangu, kama mama angekuwa na miaka mia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sogea kidogo, unanizibia jua."

"Bibi, hawa wote umewabeba wewe?"

"Ningewaweka wapi? Huyu wa kwanza nilimpakata ana siku tatu. Ni mwanangu. Hakushuka. Akaja na mwanawe, mwanawe akaja na mwanawe. Na huyo wa juu nasikia ana mpango wa kuoa mke wa pili."

"Huumii?"

"Mapaja yalikufa ganzi siku nyingi. Mgongo ndio unasumbua, wakipiga kura."

Nikamwambia, kwa sauti ile ya mkutanoni, kwamba huko juu wanasema mila haimjui mwanamke mwenye shamba. Alicheka mpaka karani akatikisika usingizini.

"Shamba hili nilipewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake. Hapa kwetu mtoto ni wa kwao mama. Mwanaume atalima kwao akiwa hai, akifa jembe linarudi kwa dada zake. Hilo anayelisahau hakuzaliwa Uluguru, labda aliokotwa. Na hicho ulichoshika ni nini?"

Nikampa kurasa zangu. Hakuwa na miwani, ila alisoma haraka kuliko mimi nilivyoandika.

"Mila ni mnyororo. Nani kaandika?"

"Mimi, bibi."

"Na mimi umenifunga humohumo?"

Nikanyoosha mkono nizichukue kurasa zangu.

"Yule wa juu ananikalia, wewe unanitupa," akasema bila hasira, akipuliza maganda. "Mnasaidiana vizuri."

Haki ya Mungu, nimetukanwa na madereva wa malori, nimefukuzwa sokoni na mgambo, lakini sijawahi kupigwa kofi kama lile. Nililia pale pale, na machozi yangu yakaanguka kwenye maharage, naye akaniambia nisiyaloweshe kabla ya wakati.

"Mwambie Skolastika, mjukuu wangu, arudishe ungo wangu," akaendelea. "Ule wa ukingo ulioshonwa uzi mwekundu. Tangu auchukue sijapepeta kitu. Sasa njoo unishikie zamu kidogo, nikanywe maji."

Nikakaa. Mama yangu wee! Mzigo wote ukanihamia. Nimeshusha kabichi mlima mzima miaka ishirini, sikuwahi kubeba kitu kizito kama wanaume watatu wanaoamini wamekaa wenyewe. Miguu ikaanza kufa kuanzia vidoleni.

"Mnaona?" Mwenyekiti akatangaza huko juu. "Hakuna kilichobadilika."

Gaspari na wenzake wakapiga miguu. Bibi alikuwa anakunywa maji kwa kata, taratibu sana, kama mtu aliyengoja maji hayo muda mrefu. Nilimtazama shingo yake ikimeza, nikajua sitamrudishia ile nafasi.

"Nasimama," nikasema.

"Kanuni namba moja!" Muhuri ukapiga kelele mfukoni. "Hakuna aliyewahi kusimama hapo!"

"Basi andika kwamba hii ni mara ya pili."

Nikausikia ukijipima. "Hiyo," ukasema polepole, "inaruhusiwa." Ukagonga.

Nikasimama.

Karani aliamka akiwa hewani, daftari likatoka kurasa. Mzee Gaudensi alipita akishuka, kifua wazi, anavuta pumzi, akanipungia mkono. Mwenyekiti ndiye aliyechelewa kuanguka. Alishuka polepole, amekaa vilevile, mguu juu ya mguu, anasema desturi yetu haijabadilika, haijabadilika, haijabadilika. Gaspari alitua gunia akamkimbilia kumdaka.

Kabla hajamfikia, nikaamka.

Kumeshakucha. Nimelala chali, na miguu siisikii, kuanzia kiunoni kwenda chini, kama si yangu. Nje namsikia mama anapukuchua maharage kwenye sufuria. Nikajikokota mpaka kizingitini, nikakaa hapo najikanda mapaja.

"Umelala vibaya," mama akasema bila kugeuka. "Saa nne inakaribia. Karatasi zako umemaliza?"

"Mama, nimeota bibi mmoja. Kasema urudishe ungo wake. Wenye uzi mwekundu."

Sufuria likamtoka. Maharage yakatapakaa uani, kuku wakaja, naye hakuwafukuza. Mama yangu hajawahi kuacha kuku wale maharage.

"Nani kakwambia?"

"Bibi. Kakaa tuta la tatu, karibu na jiwe."

Akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Kisha akainuka, akaingia chumbani kwake, nikamsikia anasogeza sanduku ambalo tangu utoto nilikatazwa kulisogeza. Akatoka na kitu kimefungwa ndani ya kitenge kilichopauka. Akakifungua mapajani mwangu. Ungo. Mkavu, mweusi kwa moshi, ukingo umeshonwa kwa uzi mwekundu. Mwili wote ulinisisimka, isipokuwa miguu.

"Bibi yangu Tekla," akasema. "Mama wa mama yangu. Wewe hukumkuta. Nilikuwa msichana, tunapepeta wote pale kwenye jiwe. Akaniambia, Skolastika, shamba hili nimekupa. Ungo nimekuazima tu, urudishe kesho. Kesho yake akafa."

"Sasa mbona hukusema barazani?"

"Ningesema lipi nikaacha lipi? Siku ya kumaliza matanga waliuliza kama kawaida, mwenye kitu cha marehemu ajitokeze. Niliogopa, nikanyamaza. Aliyeuliza alikuwa babu yake Servasi, yule karani wa kodi, mjomba wangu, kaka wa mama. Nilimdanganya mjomba mbele ya kaburi la mama yake. Wangeniuliza, siku uliyopewa shamba mlikuwa mnafanya nini? Ningejibu, tunapepeta. Ungo uko wapi? Miaka zaidi ya hamsini, Leokadia. Nilikuwa radhi shamba liende kuliko kuambiwa niliiba ungo wa maiti."

Alikuwa analia, na mimi nalia, kuku wanakula. Nikachomoa zile kurasa mbili nilizolala nazo kiunoni, nikauchana mstari wa kwanza. Iliyobaki nikaikunja.

Mama akajifuta uso. Akauchukua ungo, akaukung'uta vumbi mara tatu, akaupachika kwapani kama mtu anayekwenda kwa jirani.

"Aliyekufa harudishiwi ungo, mama," nikamwambia.

"Nitaurudisha barazani, watu wote wakiona. Nitasema vyote viwili." Akanitazama nilivyokaa kizingitini. "Na wewe umekaa hapo kwa nini? Simama, twende."