Mwenye Namba 1014

Watu wa kompyuta wana kiburi chao, na mjomba alikuwa nacho cha kuuza na kubakisha. Siku ya kwanza ya mafunzo alimketisha mpwa wake mbele ya skrini nyeusi, haina picha, haina kitufe cha kubonyeza, akamwambia, "Hapa hakuna kubofyabofya kama watoto. Unaandika amri, seva inatii. Ukikosea herufi moja, inakutukana."

Mpwa huyo nyumbani walimwita Kwanini, kwa sababu tangu alipojua kusema hakupokea jambo bila kulidai asili yake. Alikuwa na miaka ishirini na sita, cheti cha uchapaji kilichopitwa na wakati kabla wino haujakauka, na mama aliyempigia kaka yake simu mwaka mzima akimwomba amshike mkono mtoto. Hatimaye nafasi ikapatikana: chumba cha seva cha chuo, mafunzo ya miezi mitatu, na akifaulu, ajira. Aliyekuwa na nafasi hiyo kabla yake ni binamu yake, kitindamimba wa mjomba. Ameacha kazi, mjomba alisema, amepata masomo mbali.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo na cha baridi, mtu avae sweta mchana wa jua kali, na feni za seva zilivuma bila kupumzika. Mjomba alimfungulia akaunti kwa jina lake la nyumbani, kwanini, wakacheka wote wawili. "Lakini seva haijui majina ya watu," akamfundisha. "Inajua namba. Kila mtu ana yake, na kila faili limeandikwa namba ya mwenyewe. Jina ni pambo tu, la kutufurahisha sisi."

Tusimnyime haki yake, alifundisha vizuri. Alimwonyesha kuingia na kutoka kwenye folda, kuona nafasi iliyobaki kwenye diski, kusoma daftari la kumbukumbu ambamo seva huandika kila amri ya msimamizi, saa yake na aliyeitoa. Alhamisi ya wiki ya pili alimpa folda ya mazoezi, imejaa mafaili yenye majina ya herufi na tarakimu tu, akamfundisha touch, amri inayofanya tarehe ya faili isomeke ya leo. "Takataka za zamani hizo," alisema. "Yapitie yote, mkono uzoee." Kwanini akayapitia yote, akarudi nyumbani jioni ile akijiona fundi kamili. Mama yake alimsikiliza akieleza, akamwongezea chai bila kumtazama usoni.

Jumatatu iliyofuata chuo kikawaka moto. Karatasi za mtihani wa mwisho zilikutwa mikononi mwa wanafunzi siku kumi kabla ya mtihani wenyewe. Mkuu wa chuo aliwaita wafanyakazi wote ukumbini, akawaambia kwamba aliyezinakili kutoka kwenye seva atajulikana, na hataishia kufukuzwa, ataishia jela. Mkaguzi atakuja Ijumaa.

Ijumaa mchana mjomba alitoka kwenda getini kumpokea mkaguzi. "Usiguse kitu," alimwambia Kwanini mlangoni.

Kumwambia Kwanini asiguse kitu ni sawa na kumwonyesha pa kugusa. Alikuwa na karatasi ya mazoezi ya find, amri ya kutafuta mafaili, na kutafuta si kugusa, alijitetea. Zoezi la nne lilisema: tafuta mafaili yote ya mtumiaji mmoja. Akaweka jina lake mwenyewe. Alijua atapata matatu, yale aliyoyaunda kwa mkono wake, moja likiwa orodha ya vitu vya dukani.

Skrini ikaanza kukimbia. Mistari ilipanda na kupotea juu kabla hajaweza kuisoma. Iliposimama alihesabu kwa amri nyingine: mia mbili na kumi na tano.

Akafikiri amekosea herufi. Akaandika tena taratibu, kidole kimoja kimoja. Mia mbili na kumi na tano. Yote, kasoro yale yake matatu, yalikuwa ndani ya folda ya mazoezi. Akafungua moja la takataka hizo.

MTIHANI WA MWISHO. JIBU MASWALI YOTE. MUDA: SAA TATU.

Alilifunga haraka kama aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mtu ndani. Akafungua la pili, la tatu, la kumi. Mitihani, mitihani, mitihani. Mwenyewe: kwanini. Tarehe: Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi. Alhamisi ile, saa nne, alikuwa kwenye kiti hiki hiki akiyapitia moja moja, mkono uzoee. Jasho likamtoka, na baridi yote ile ya chumba.

Tarehe alizielewa. Umiliki hakuuelewa, maana touch haibadilishi mwenye faili. Ndipo alipoacha jina akatafuta namba. Namba yake ilikuwa 1014. Akaitafuta hiyo kwenye daftari la kumbukumbu, na seva, ambayo haina ndugu wala rafiki, ikampa mistari miwili.

Jumamosi, saa moja asubuhi, siku mbili kabla Kwanini hajaanza mafunzo: mjomba amefuta akaunti ya mwanawe, namba 1014. Jumatatu, saa mbili na dakika kumi: mjomba amefungua akaunti ya kwanini, namba 1014.

Seva ikiachwa huchagua namba yenyewe. Hii haikuachwa; ilikuwa ndani ya amri yenyewe. Mjomba aliiandika, tarakimu kwa tarakimu, wakati mpwa wake amekaa kando yake akichekea jina lake kwenye skrini. Kila kilichokuwa cha binamu kikawa cha Kwanini, kama nyumba iliyobadilishwa kibao cha mlangoni.

Alikuwa na nenosiri la msimamizi, alilopewa kwa mazoezi. Angeweza kufuta folda nzima kwa mstari mmoja. Vidole vilikuwa tayari juu ya herufi. Lakini kufuta nako kungeandikwa, na jina lake, na saa yake, na nani angemwamini mwizi anayefagia nyayo? Akaikalia mikono yake miwili. Huenda mjomba alikosea, alijiambia. Watu wazima hukosea. Akaung'ang'ania ujinga huo hadi mlango ulipofunguka.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, mkoba begani. "Kuna nakala za mitihani humu ndani," alisema. "Nataka kujua za nani."

"Huyu ni mpwa wangu, yuko mafunzoni," mjomba alisema. "Atakuonyesha yeye. Siku hizi ananishinda hata mimi."

Kwanini alimgeukia. "Mjomba, niandike?"

"Andika, mwanangu."

Alimtazama usoni akingoja japo apepese kope. Mjomba alitabasamu. Kwanini akaandika, na skrini ikajaa: kwanini, kwanini, kwanini, hadi chini.

Mjomba akajishika kichwa. "Mungu wangu! Mwanangu, umetufanyia nini?" Na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, yakamfika kidevuni. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwanini alikuwa ameusikia msemo huo mara mia, na hata mara moja hakudhani kwamba nguo zinazosemwa ni zake. Alitaka kupiga kelele, na kilichotoka kilikuwa sauti ndogo ya mwanafunzi.

"Mama, hilo ni jina tu. Seva haijui majina. Naomba nikuonyeshe namba."

Akaandika. Mistari miwili ikatokea. Mkaguzi alivaa miwani, akaisoma kwa sauti, tarehe, saa, aliyetoa amri, kisha akaisoma tena kimya.

"Ungenyamaza," mjomba alimwambia Kwanini, machozi yamekatika ghafla. "Damu nzito kuliko maji. Wewe hujaajiriwa, wangekurudisha nyumbani, basi. Binamu yako wangemfunga!"

"Na mimi ni maji, mjomba?"

Mkaguzi akamfungulia mjomba mlango, akamwambia wataongea ofisini kwa mkuu wa chuo. Kabla hajatoka alimgeukia Kwanini. "Andika maelezo yako leo. Halafu Jumatatu uje kazini kama kawaida, maana chumba hiki sasa hakina mwingine."

Kwanini alibaki nje kwenye korido, ameegemea ukuta, simu mkononi. Kuponea chupuchupu hakukumfurahisha hata kidogo, kwa sababu lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Atamwambiaje mama? Kwamba kaka yake wa tumbo moja, ambaye mama alimsifu kwa kila jirani, alimtayarishia mpwa wake jela huku akimwita mwanangu? Mama alikuwa na shinikizo la damu. Alipanga maneno, akayapangua, akapanga mengine ya upole zaidi, akapiga.

Simu haikumaliza mlio wa kwanza.

"Usilie, mwanangu," mama alisema, hata kabla ya salamu. "Rudi tu nyumbani. Kazi ni nyingi duniani. Mjomba wako aliniapia kwamba wewe hawatakufunga."

Kwanini aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Mama," alisema mwishowe. "Mimi hawajanifukuza."

Sauti ya mama ikaja, imebadilika, ya hofu ambayo Kwanini hakuwahi kuisikia ikitumika kwa ajili yake.

"Basi wamemchukua nani?"