Basi la Dakika Tatu

Mshonaji alifika kituoni uchungu wa kuzaa ukiwa umeanza, akaangalia skrini mpya juu ya benchi. Basi la kwenda hospitali lingefika baada ya dakika tatu. Akaketi, na uchungu ukasimama papo hapo, kama cherehani iliyokatiwa umeme.

Dakika tatu hazikwisha. Mvua ya msimu mzima ilinyesha nje ya paa la kituo, likaja jua, lakini skrini haikubadilika. Chai ya kinyozi aliyeketi pembeni yake iliendelea kufuka mvuke. Kila aliyechoka kungoja akatoka chini ya paa, umri wote alioukwepa ulimrukia. Karani mmoja alianza kuvuka barabara akiwa kijana, akafika ng'ambo na mvi, akakuta kazi yake imepewa mwingine.

Kampuni ya mabasi ilitundika bango: tangu skrini ziwekwe, hakuna basi hata moja lililochelewa. Ilikuwa kweli. Kwa kanuni zao, kuchelewa huanza kuhesabiwa dakika zikiisha.

Mama mkwe wake alikuja kila jioni, akasimama nje ya paa asije naye akanaswa.

"Bado?"

"Bado, mama. Dakika tatu."

"Mwanangu, huyo mtoto atatoka na ndevu, aulize gazeti liko wapi."

"Nikitoka hapa nitazalia barabarani."

"Na ukikaa hutazaa kabisa."

Kinyozi alimsihi asipoteze nafasi. "Wewe ndiwe wa kwanza kwenye foleni," alimwambia. Mshonaji aliitazama skrini, akalishika tumbo, akatoka. Uchungu wa miezi yote hiyo ulimshukia kwa mpigo. Alijifungua kando ya barabara, juu ya shuka la mama mkwe, mtoto wa kike mwenye meno manne na hasira. Kituoni watu walisogea nafasi moja mbele.

Kesho yake afisa wa kampuni alimfuata nyumbani.

"Hongera, dada. Ila umetuharibia takwimu. Abiria akijifungua kabla basi halijafika, watu watadhani limechelewa. Tunakuomba uje kituoni uwaombe radhi wenzako kwa kukosa subira. Ni maneno machache tu."

"Kwani limeshafika?"

"Limebakiza dakika tatu."

Mshonaji alimhamishia mtoto kwenye titi la pili.

"Siombi radhi," alisema. "Na ukitoka, rudishia mlango."