Mtoni Siku ya Ijumaa Kuu

"Mama, mimi nimesimamia wanaume arobaini juu ya vyuma huko Saudia, jua linawaka mpaka kofia inanuka. Leo watoto wawili wa kike ndio wanishinde?"

Hivyo ndivyo Fermin alivyomwambia mama mkwe wake mwanzoni mwa likizo ya kiangazi, kifua mbele, mikono kiunoni. Wale wanaume arobaini hawakuwepo kutoa ushahidi, na ilikuwa bahati yake, maana hawakufika hata kumi na tano, na msimamizi wao alikuwa mtu mwingine.

Mama mkwe huyo aliitwa Senyang, lakini wajukuu walimwita Apu, yaani bibi, na kijiji kizima kiliwaiga wajukuu. Alimtazama mkwewe kama mtu anavyotazama samaki wa jana sokoni.

"Haya, mwanangu. Kila kiangazi nawachukua mimi, nakaa nao kwangu mjini. Mwaka huu baki nao. Lakini nikisikia kosa moja, moja tu, nawabeba. Wewe utabaki na vyuma vyako."

"Hutalisikia, Mama."

Fermin alikuwa mchomeleaji. Miaka minne alichomelea vyuma vya watu jangwani, na hiyo miaka minne mabinti zake alikuwa nao kwenye simu tu. Mara mtandao unagoma na sura ya mtoto inaganda mdomo wazi, mara sauti inakuja peke yake. Alipoondoka, mdogo, Nening, alikuwa bado anatambaa. Aliporudi alimkuta mtu wa miaka mitano mwenye msimamo kuhusu kila kitu. Mkubwa, Maricar, alikuwa na miaka tisa na alijibu swali kwa swali, kama wakili. Mkewe, Divina, alikuwa na meza ya mboga sokoni, anatoka alfajiri anarudi jioni. Kwa hiyo kiangazi chote kilikuwa cha Fermin na hao wawili.

Wiki ya kwanza ilimfunza mengi. Aligundua kwamba nyumba yenye mabinti ina vitana kila pembe, ila siku ya kuchana nywele havionekani. Aligundua kwamba Nening hanywi maji kwenye kikombe chochote isipokuwa cha rangi ya chungwa, hata kama amekauka koo. Alisuka nywele za Maricar kwa uangalifu wote wa fundi, akarudi nyuma kutazama kazi yake, na Maricar akajitazama kwenye kioo.

"Baba, hii ni nywele au waya wa umeme?"

"Inashika?"

"Inashika."

"Basi unataka nini zaidi?"

Mchana ilibidi walale, maana mtoto asiyelala mchana harefuki, kila mtu anajua hivyo. Fermin alijilaza katikati yao kuwalazimisha, akawa wa kwanza kukoroma. Alipoamka alivaa ndala zake akaenda dukani kununua misumari. Muuza duka alimhudumia vizuri kabisa, akamrudishia chenji, kisha akamwita mkewe kutoka jikoni aje atazame. Kucha zote za miguu ya Fermin zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, na mbili zilikuwa na maua.

Njiani kurudi alicheka peke yake, halafu akaacha kucheka. Mambo ya namna hiyo yalitokea kila kiangazi nyumbani kwa Apu na yeye hakuwepo. Maneno ya mama mkwe hayakumtisha, aliyazoea. Kilichomtisha ni hesabu ndogo tu kichwani: wakichukuliwa mwaka huu, mwakani Maricar atakuwa mkubwa kidogo, na mtoto mkubwa hapaki kucha za mtu asiyemzoea. Kwa hiyo alijiapiza kwamba kosa halitatokea. Kucha hakuzifuta.

Wakafika Juma Kuu.

Huko Pampanga, mkoa wao wenye Wakatoliki wengi, Ijumaa Kuu haina utani. Apu alikuja kutoka mjini, akafikia kwa dada yake karibu na kanisa, na asubuhi na mapema akapita kwa Fermin kusoma sheria. Leo hakuna kufagia. Hakuna kupiga nyundo. Hakuna kukimbia wala kucheka kwa sauti, kuna msiba. Na ikishafika saa tisa, saa ambayo Bwana alikata roho, hakuna kugusa maji ya kuoga. Atakayejikata leo ajue kidonda chake hakitapona mpaka Ijumaa Kuu nyingine.

"Umesikia, Fermin?"

"Nimesikia, Mama."

Fermin hakuwa anaamini mambo hayo. Lakini katika maisha yake yote hakuwahi kushika nyundo siku ya Ijumaa Kuu, kwa hiyo huko kutoamini kwake kulikuwa hakujapimwa.

Apu na Divina wakaenda kanisani kuwapikia waimbaji wa Mateso ya Bwana. Haijapita hata nusu saa, umeme ukakatika. Feni ikazunguka kwa uvivu mara ya mwisho, ikasimama. Bati lilianza kulia juu ya vichwa vyao. Mabinti wakalala sakafuni wakiwa wamebandika mashavu kwenye saruji.

"Baba, nayeyuka," alisema Nening.

"Huyeyuki."

"Nayeyuka. Tazama hiki kidole, kimepungua."

Fermin alikitazama kidole. Alimtazama na Maricar, ambaye alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye kope. Nyuma ya mianzi kulikuwa na mto, umbali wa kuimba wimbo mmoja. Akapiga hesabu zake kama fundi.

"Sikilizeni. Tunakwenda kuoga sasa hivi. Kengele ya kanisa ya saa sita ikilia tu, tunatoka majini. Mpaka ifike saa tisa tutakuwa tumekauka kama dagaa."

"Apu alikataza," alisema Nening.

"Alikataza baada ya saa tisa. Saa sita iko mbele ya saa tisa au nyuma?"

Nening alifikiri. "Mbele."

"Umeona?"

Maricar alifungua mdomo, akamtazama baba yake, akaufunga.

"Una swali, wakili?"

"Sina."

Fermin aliacha simu ndani isije ikazama. Walichukua viazi vitamu vya kuchemsha na kanga moja ya kujifutia, wakaenda.

Maji ya kiangazi yalikuwa machache, lakini kwenye kona ya mto palikuwa na dimbwi safi lenye mawe chini. Nening aligeuka chura. Maricar alizama na kuibuka, akazama tena, na Fermin akashangaa kuona kwamba anajua kuogelea. Nani alimfundisha? Lini? Hakuuliza, maana jibu alikuwa nalo. Alilala chali kwenye maji yaliyomfika masikioni, akawaacha wamrukie, wamkalie, wabishane nani ameketi upande wa tumbo. Alifikiri kwamba kama mtu angemuuliza kule jangwani anataka kununua nini kwa mshahara wake wote, asingejua kusema, na kumbe kitu chenyewe kilikuwa hiki: kukaliwa tumboni na watu wanaogombana.

Saa sita ilichelewa sana siku hiyo.

"Mmesikia kengele?"

"Hatujasikia," alijibu Maricar, na ulikuwa ukweli mtupu.

Wakala viazi. Wakarudi majini. Kivuli cha mianzi kilikuwa upande wa pili, sasa kilikuwa kimeanza kuwafuata. Fermin akauliza tena.

"Kengele bado?"

"Bado, Baba."

Ndipo kutoka upande wa kijijini ikaja sauti kavu, ya mbao zinazogongana. Kra-kra-kra-kra. Kra-kra-kra-kra.

Maricar alifanya ishara ya msalaba. "Saa tisa," alisema.

Fermin aliketi wima majini. Tangu misa ya Alhamisi jioni kengele za makanisa yao hunyamaza kabisa, kwa msiba, hazilii tena mpaka usiku wa Jumamosi. Badala yake hugongwa kibao. Kila mtoto wa Pampanga anajua hivyo. Fermin mwenyewe alipokuwa mdogo aliwahi kupigana na mwenzake ili apewe kibao hicho. Ila amekaa miaka minne mahali ambapo hakuna kengele ya kulia wala ya kunyamaza, na jambo hilo lilimtoka kichwani kama hakuwahi kulijua.

"Maricar. Ulijua kwamba kengele hazilii leo?"

"Kwani wewe hukujua?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, tungekuja?"

Kabla hajapata jibu, Nening, ambaye alisikia neno saa tisa na kuelewa kwamba yumo ndani ya maji yaliyokatazwa, alikurupuka kutoka kwa mikono na miguu. Akateleza. Goti likakutana na jiwe.

Kisha uzi mwembamba wa damu ukateremka kwenye muundi, na Nening akautazama.

"Hakitaponaaaa!"

"Kitapona, mama yangu. Kitapona."

"Apu amesema mpaka mwakani! Nitaanza shule na damu!"

Fermin alimbeba akamkalisha kwenye jiwe, akabana goti kwa shati lake. Alishaona majeraha ya kila aina kazini, na kwa jeraha kama hili mtu hata hasimamishi kazi. Hata hivyo alifunua, akatazama, akafunika tena, kana kwamba kwa kufunika mara ya pili lingekuwa limebadilika. Maricar alipiga magoti pembeni, akampulizia mdogo wake goti. Uwakili wote ulikuwa umemwisha.

"Baba, Apu akijua atatuchukua?"

"Atawachukua."

"Leo?"

"Leo usafiri hakuna. Kesho."

Walikaa pale juani mpaka nywele zikakauka. Fermin akazisuka upya, za wote wawili, na safari hii mkono ulikuwa mwepesi, zikatoka vizuri. Akambeba Nening mgongoni. Walipofika kwenye mianzi Maricar alisimama.

"Alianguka kwenye ngazi," alisema.

Baba mwema angesema: mwanangu, hatusemi uongo, hasa siku ya leo. Fermin alisema: "Ya mbele au ya nyuma?"

"Ya mbele. Ndiyo mbovu."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anakwenda kuchukua rozari."

Fermin alimtazama mwanawe kwa hofu na kwa fahari. Kisha akageuza shingo. "Nening, umesikia? Ulianguka wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Ukienda wapi?"

"Kuchukua rozari ya Apu." Akafikiri. "Nipewe kikombe changu?"

"Utapewa."

Walimkuta Apu ameketi ndani, ametoka kanisani, begi lake miguuni, anajipepea kwa kipande cha boksi. Watoto wakauchukua mkono wake mmoja mmoja, wakauweka kwenye paji la uso, naye akawabariki. Halafu jicho lake likashuka, likafika kwenye goti, likakaa hapo.

"Hiki nini?"

"Nilianguka kwenye ngazi, Apu," alisema Nening.

"Ngazi ipi?"

"Ya mbele," alidakia Maricar. "Alikuwa anakwenda kuchukua rozari."

Apu aliinuka, akachuma majani ya mpera nje, akayachemsha, akaliosha lile goti taratibu huku midomo ikisali. Fermin alisimama mlangoni bila kujua mikono aiweke wapi.

"Ngazi hiyo," alisema Apu mwishowe, "nimemwambia Divina tangu mwaka juzi kwamba itaua mtu."

"Nitaichomelea mpya, Mama. Kesho."

"Kesho usiguse nyundo. Jumatatu."

"Jumatatu, Mama."

Apu alizitazama nywele zilizosukwa, akazigusa. Akawatazama watoto waliotulia, wametakata, hawagombani, maana walikuwa wamechoka mpaka kwenye mifupa.

"Nitasema ukweli, Fermin. Nilikuja nikitegemea kukuta nyumba imepinduka. Huyu kuanguka ni ngazi, si wewe. Wabaki. Mimi Jumapili nitarudi zangu mjini."

"Si nilikwambia, Mama?" Kifua kilikuwa kimesharudi mbele. "Watoto ni kama kikosi cha kazi. Ukishawapanga, wamejipanga."

Apu alichukua begi lake, akaelekea mlangoni, akamwinamia Nening. "Na wewe, bibi mdogo, siku nyingine ukipita kwenye ngazi uwe unatazama chini."

"Nilitazama, Apu," alisema Nening, ambaye alikuwa ameshapata kikombe chake na hakuwa na wasiwasi tena na dunia. "Nilikuwa natazama samaki."

"Samaki gani?"

"Wa kwenye ngazi."

Maricar aliinua macho akaanza kuchunguza dari. Fermin akakohoa.

"Wadogo wadogo hivi," Nening aliendelea, akionesha kwa vidole. "Wanatekenya. Mmoja aliingia kwenye kaptula ya Baba, Baba akaruka, akasema neno baya."

Apu alimgeukia mkwewe. Alimtazama kuanzia juu, polepole, mpaka akafika kwenye kucha za miguu, akakaa hapo kidogo. Kisha akaliweka begi chini na kuvua viatu.

"Kuwatoa kwa baba yao naona ni dhambi," alisema. "Kuwaacha na baba yao peke yake ni dhambi kubwa zaidi. Nitakaa hapa mpaka shule zifunguliwe. Maricar, nioneshe mahali pa kulala."

Maricar akamwonesha kitanda cha baba yake.